Uzi wa wastaafu: vita viko vitabuni, ya nyumbani nani ataandika?

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu, niko hapa Lubumbashi, Katanga, kusini mwa Kongo. Tangu niweke chaki chini nakaa sana na wazee wenzangu: misa ya asubuhi, likelemba (upatu), matanga (matanga yamekuwa mengi, ndiyo umri wenyewe). Na kuna jambo linanikera. Mzee akiambiwa "tuambie ya zamani", anakohoa kwanza, halafu anaanza: uhuru 1960, Tshombe akaitenga Katanga, askari wa Umoja wa Mataifa wakaja, mwaka 1963 ikaisha, Mobutu, Zaïre, uporaji wa 1991, Mzee Kabila 1997. Utadhani anasoma kitabu cha darasa la sita. Mjukuu anaitikia kwa adabu, macho yako kwenye simu.

Hayo yameshaandikwa, tena na watu waliosoma kutushinda. Ambacho hakijaandikwa popote ni nani alilala wapi nyumbani kwenu, nani alishika ufunguo wa kabati la unga, na mlifanya nini umeme wa kambi ya wafanyakazi ukizimwa. Sisi tukiondoka, hayo yameondoka.

Naanza na ya kwetu. Baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia kampuni ya reli enzi ya BCK, akaendelea ilipoitwa KDL, akapumzika ikiwa SNCZ, na kofia ilikuwa ile ile. Nyumba ya kambi ilikuwa vyumba viwili na jiko la nje. Wazazi kimoja, wasichana kimoja, wavulana sebuleni, na mikeka yao haikutandikwa mpaka wageni waondoke. Kwa hiyo mgeni mwenye maneno mengi alikuwa adui wa kaka zangu. Mgeni wa kulala naye hakukosekana, maana ukiwa na ndugu wa reli mjini, kijiji kizima kina anwani. Huyo alipewa kitanda cha wasichana, na sisi tulihamia chini ya meza.

Baba akiwa njiani kuelekea Ilebo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, mama alitufundisha stesheni ili tujue tumwazie wapi. Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu, Kananga, Mweka, Ilebo. Jioni anasonga bukari, anauliza bila kugeuka: "Baba yenu amefika wapi?" Tunabishana, mmoja anasema bado yuko Kamina, mwingine ameshamvusha Kaniama. Hata leo ukitaka kujua umri wa ndugu zangu wapange wataje stesheni. Mkubwa wetu atasema Jadotville, Luluabourg, Port-Francqui. Mdogo anataja majina ya sasa tu, hayo mengine anayaona kama Ulaya.

Akirudi anakuja na samaki wakavu wa Bukama, wa Lualaba. Mama aliwapanga juu ya gazeti sakafuni kwa ukubwa, mikia ikielekea mlangoni. Mkubwa kupita wote hakuwa wetu. Alikwenda kwa jirani ambaye mume wake alikuwa bado safarini. Wanaofuata waliuzwa, na hela ilifungwa kwenye ncha ya kitenge. Sisi tulibaki na wadogo, na vichwa vilikuwa vya mama mwenyewe, alisema anavipenda. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza, akila mnofu wa katikati.

Leteni ya kwenu. Mambo makubwa mnipumzishe.

Mtoto_wa_Shaba:

Mama Mwalimu, umenigusa. Mimi ni wa Likasi, baba alikuwa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, baadaye Gécamines. Kwetu walisema "kazi njo baba, njo mama" (kazi ndiyo baba, ndiyo mama), na haikuwa methali tu: posho, nyumba, hospitali, shule, vyote vilitoka kwa kazi. Siku ya posho akina mama ndio walipanga mstari. Unga, maharagwe, mafuta ya mawese, nyama. Mama yangu alibeba mifuko yake mwenyewe aliyoishona, kila mmoja na uzi wa rangi yake mdomoni, ili wa maharagwe usikutane na wa chumvi.

Jambo ambalo sijasoma popote ni hili: akifika nyumbani, kabla ya kitu chochote, aliteka bakuli moja la unga na kulificha nyuma ya picha ya ukutani. Ile michoro ya "Colonie belge", mnaikumbuka? Askari anachapa mfungwa, Mzungu amesimama na kiko. Unga wa akiba ya wiki ya mwisho ulikaa nyuma ya Mbelgiji. Baba hakujua mpaka anakufa. Au alijua akanyamaza, ndiyo nadhani.

Pwani_Tulivu (Dar es Salaam):

Shikamoo mama. Nafuatilia kwa karibu. Lakini niulize kwa heshima: hizi habari za bakuli la unga na nani alilala chini ya meza zinamsaidia nani? Kijana wa leo ajue kwa nini Katanga ilijitenga, ajue shaba ilikwenda wapi. Hayo mengine ni matamu kusimulia, basi.

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Marahaba mwanangu. Swali zuri, ningekupa alama.

Nina daftari la mama. Alikuwa anajua kuandika kidogo, tarakimu alizijua vizuri zaidi. Ameandika alichonunua sokoni na bei yake, miaka mingi. Vitabu vinatuambia kwamba mwaka 1993 serikali ilitoa pesa mpya, na moja mpya ikawa sawa na zaire za zamani milioni 3. Sawa. Mwanafunzi anaikariri, anapata alama. Kwenye daftari la mama unaona sukari inatoweka kwanza. Halafu mafuta yanaandikwa kwa kijiko badala ya chupa. Halafu neno "asubuhi" halionekani tena, kwa sababu alizoea kuandika chakula cha asubuhi na cha jioni mbali mbali. Hapo ndipo unajua ni mwezi gani familia ya mtu wa reli aliyestaafu ilianza kula mara moja kwa siku. Niletee kitabu cha uchumi kinachoweza kukwambia hilo.

Miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa darasani, na mshahara wa serikali ulikuwa jina tu. Wazazi ndio waliotulipa, na hali hiyo ilidumu mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Mzazi asiye na hela alileta makala (makaa), mwingine alileta lengalenga. Nilifundisha sehemu na desimali huku fungu la mboga liko chini ya meza yangu, na watoto wanajua limetoka kwa nani. Unafikiri mtoto aliyeleta fungu dogo alinyoosha kidole siku hiyo? Hilo nalo ni historia ya elimu ya nchi hii.

Na kwa habari ya Katanga: nina sarafu ya shaba nyeusi ya mwaka 1961, upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Baba aliiweka kwenye kopo la dawa ya viatu. Wanaokusanya sarafu duniani wanaijua, watakupa uzito na kipenyo chake. Nimewauliza ndugu zangu: ilinunua nini sokoni? Mmoja anasema sabuni. Mwingine anasema sabuni haifiki, labda karanga. Wa tatu anasema watoto hawakupewa kushika. Tuliishi ndani ya nchi hiyo miaka miwili na nusu na hatujui hela yake ilinunua nini.

Pwani_Tulivu:

Hapo kwenye neno "asubuhi" umenimaliza mama. Naendelea kusoma.

Mwene_Ditu_93:

Samahani Mama Mwalimu, mimi sikubaliani na wewe kidogo, ila kwa upande mwingine. Unasema mambo makubwa tuyaache. Kuna watu ambao jambo kubwa liliingia mpaka jikoni. Sisi ni Wakasai wa Likasi, asili yetu mkoa wa Kasai. Baba na mama walizaliwa Katanga, babu ndiye aliyeletwa na kazi. Mwaka 1992 na 1993 tuliambiwa si kwetu. Tulikaa stesheni ya Likasi na maelfu ya watu tukisubiri treni, watu wanazaa pale, wanazikwa pale. Hayo yako vitabuni, kweli.

Lakini nikuambie tulibeba nini. Cherehani ya mama, sehemu ya juu tu, miguu ya chuma iliachwa. Sufuria kubwa ikiwa imejazwa nguo. Mbabula (jiko la makaa) hatukubeba, tulinunua nyingine pale pale stesheni kutoka kwa mtu ambaye treni yake ilikuwa imefika. Na baba alibeba ufunguo wa nyumba. Alikuwa amefunga mlango kabisa, kama anakwenda kazini. Ufunguo ule uko kwa dada yangu. Nyumba wanakaa watu wengine, sisi tunawajua, tunasalimiana kwa simu siku hizi.

Stesheni zako ulizotaja, mimi nilizijua zote katika safari moja, na haukuwa mchezo wa jioni.

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Pole sana ndugu yangu. Nilisema mambo makubwa mnipumzishe, nayaondoa maneno hayo kwa ajili yako. Ulichoandika ndicho nilichokuwa natafuta. Ripoti inasema watu walifukuzwa. Wewe umesema mbabula ilinunuliwa kwa mtu ambaye treni yake imefika.

Katika shule niliyofundisha wakati huo, madawati yalikuwa wazi kutoka wiki moja hadi nyingine. Niliita majina kwa mazoea, mengine hayakuitikiwa, nikaambiwa na mkubwa wangu niruke tu. Rejista za miaka hiyo zikifunguliwa, zitasema "hayupo". Sababu hazina nafasi ya kuandikwa.

Kaka_Mkubwa_55:

Wanauzi, mimi ni kaka wa huyu mwalimu. Nimetumiwa kiungo na mtoto wangu. Nasahihisha.

Moja, wavulana hatukulala sebuleni miaka yote. Kulikuwa na kipindi tulilala jikoni nje, msimu wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, kwa sababu kule kulikuwa na joto la makaa. Yeye alikuwa mdogo hakumbuki. Pili, hakuna msichana aliyelala chini ya meza. Chini ya meza nililala mimi, na alama ya msumari iko kichwani, anayetaka aje aione. Tatu, kuhusu mpira hajasema lolote, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Lupopo. Watu wa reli ni Lupopo, tunaitwa Cheminots mpaka leo. Halafu dada yangu akaolewa na mtu wa Mazembe. Hilo ameliruka kwa makusudi.

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Yaya (kaka yangu), jambo. Jikoni ni kweli, nimekumbuka sasa hivi, mlikuwa mnarudi na masizi puani. Chini ya meza tutaonana Jumapili.

Kuhusu mpira, wazazi wa mume wangu hawakuacha kunikumbusha kwamba mwaka 1967 na 1968, wakati timu ikiitwa Englebert, walikuwa mabingwa wa Afrika. Nikajibu kwamba nimeolewa na mtoto wao, sijaolewa na kombe. Mwaka 2010 Mazembe walipofika fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter, mtaa mzima ulipiga sufuria, na kaka yangu huyu, Mcheminot wa damu, alikuwa kwangu mbele ya televisheni amevaa nyeusi na nyeupe. Alisema ni kwa sababu ya nchi.

Kasapa_Mwanafunzi:

Mama, mimi nasoma historia hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Niongeze kitu. Unachofanya kina mizizi mjini hapa hapa. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa zamani wa Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), maboyi na wapishi wa Wazungu, waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili, Kiswahili cha hapa, wakaipiga chapa kwa mashine wenyewe. Wanasimulia walivyolipwa, walivyoitwa, chakula walichopewa. Watafiti wa nje waliigundua baadaye sana na sasa inasomwa vyuo vikuu vya mbali. Na hapa chuoni kulikuwa na mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliokusanya masimulizi ya wakaaji na hata vyombo vya majumbani.

Swali langu ni la vitendo. Nikienda kwa wazee na kinasa sauti, wananipa hotuba. Wewe unawapataje?

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Hotuba unapewa kwa sababu umemwekea mkutano. Umemkalisha kwenye kiti kizuri, umewasha simu mbele yake, umesema "baba, tusimulie". Yeye naye anavaa koti.

Mimi nafanya hivi. Nakwenda wakati kuna kazi ya mikono. Kuchambua maharagwe, kumenya karanga, kutwanga sombe. Mwezi wa 12 bowa (uyoga) wakianza kuletwa barabarani, ninanunua fungu na kwenda nalo kwa mama mmoja mzee hapa jirani, tunaosha udongo pamoja. Hajawahi kunipa hotuba akiwa ameshika uyoga. Naye anaanza mwenyewe: huu tuliukuta kwenye kichuguu kilekile ambacho baba alichimba udongo wa matofali ya nyumba. Basi umeshapata kichuguu, umepata matofali, uliza nani alikanyaga udongo, nani alichota maji, tanuri liliwashwa siku ngapi. Simu iko kwenye mfuko wa kitenge, na nilishamwambia mwanzoni kwamba narekodi, hilo usilifanye kwa siri.

Usiulize "maisha yalikuwaje". Uliza ufunguo ulikaa wapi. Uliza nani alikuwa wa kwanza kuamka, na alifanya nini kabla wengine hawajaamka. Uliza kitu gani kilikatazwa kuguswa. Na ukiona ndugu wawili wanabishana, usiwaamulie, andika yote mawili na majina yao. Ubishi wa chini ya meza hapo juu umenipa jiko la msimu wa baridi ambalo nilikuwa nimelipoteza.

Kila jioni, umeme ukiwepo, naweka swali moja kwenye kundi la familia. Wako Kolwezi, wako Kinshasa, mmoja yuko Ubelgiji. Juzi niliuliza: taulo zilikuwa ngapi? Ujumbe wa sauti uliingia mpaka usiku. Wajukuu wenyewe wakaanza kusikiliza, kwa sababu wakubwa wao wanatukanana kwa ajili ya taulo.

Bukavu_Kadutu:

Mama, baba yangu amestaafu udereva, tuko Kadutu. Hasemi kitu. Anakaa mlangoni anatazama barabara. Nikimuuliza ya zamani anasema "yamepita". Kazi ya mikono hataki, anasema ni ya wanawake.

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Mwanangu, dereva mpe barabara. Chukua karatasi, umchoree vibaya njia aliyokuwa akiipita, weka mji mahali pasipo pake, halafu muulize kama ni sawa. Mtu aliyeendesha miaka yote hiyo hawezi kuvumilia ramani mbaya. Nimefundisha wavulana wakaidi maisha yangu yote, kosa ubaoni linawaamsha kuliko swali.

Na kama bado hasemi, mwache atazame barabara. Wengine wameona mambo huko kwenu ambayo sitaki kumlazimisha mtu kuyafungua ili mimi nipate hadithi.

Bukavu_Kadutu:

Nimefanya. Nilichora Bukavu kwenda Uvira nikapitisha gari juu kwa juu bila Kamanyola. Alinyang'anya kalamu. Nitarudi hapa kesho, sasa hivi bado anachora.

Mtoto_wa_Shaba:

Mama Mwalimu, kabla uzi haujapotea. Huko juu umetaja rejista na majina. Mimi karatasi zangu za pensheni zimekwama hapo hapo. Cheti cha ubatizo kina jina la mtakatifu, karatasi za kazi zina jina la 1972. Ofisi inasema ni watu wawili. Wewe ulipitaje?

Mwalimu_wa_Kamalondo:

Ee, hilo limetusumbua kizazi chetu chote. Mwaka 1972 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, tukaambiwa majina ya Kikristo basi. Mwalimu alipita na rejista, kila mtu ataje jina la ukoo. Nyumbani mama aliendelea kutuita majina ya ubatizo, barabarani anatuita yale mengine. Mwaka 1990 yaliporuhusiwa tena, wengine waliyarudisha kwenye karatasi na wengine hawakujali, na sasa tumezeeka ofisi inatuona wawili wawili.

Mimi ilibidi nilete mashahidi wazee wa kusema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Nikapata wawili wa kambi. Karani akawahoji, na hakuuliza siasa. Aliuliza: nyumba yao ilikuwa ya ngapi kutoka bombani? Baba yake alifanya kazi gani? Ndugu zake ni akina nani, kwa mpangilio? Mmoja akataja ndugu zangu wote, na marehemu wawili ambao hata mimi sikuwa nimewaandika kwenye fomu. Karatasi ikapigwa muhuri.

Kwa hiyo tafuta watu waliokaa karibu na bomba lenu, na uwatafute sasa, maana wanatuzidi umri. Walipie nauli, wapatie chakula kabla ya kupanga mstari. Beba nakala mbili za kila karatasi, na kalamu yako mwenyewe, ya pale dirishani haiandiki.